Ukale Haumo Katika Taa

Baraza zina desturi ya kulihukumu gari kabla injini haijazimwa. Likipita la chini, lenye bodi iliyolala na eksoza inayonguruma, hukumu hutoka hapo hapo: anasa, utoto, fedha zisizojua pa kwenda. Na ikisemwa kwamba gari la namna hiyo limeonekana Mbangala, kule Songwe, hukumu hugeuka kicheko. Gari la mbio kwenye vumbi la machimbo! Mwenye nalo huambiwa kuwa amenunua ngalawa naye anaishi nyikani.

Kicheko hicho kingekuwa kicheko tu, kisingestahili hata mstari mmoja wa majibu. Lakini ndani yake mmejificha fikra mbili zilizozoeleka hata hazionekani tena kuwa ni fikra. Ya kwanza ni kwamba kizuri kisichobeba mzigo hakina haki ya kuwapo penye watu wa kazi. Ya pili ni kwamba hicho kinachoitwa ladha ya kale ndani ya chombo kipya ni pambo la kubandika, na anayekitafuta amedanganywa na matangazo. Fikra ya kwanza ni dhuluma. Ya pili ni uvivu, tena ni uvivu uleule ulioutia kutu mjadala wa ushairi wa Kiswahili kwa muda wa nusu karne.

Kwanza pahala penyewe. Mbangala ni kata ya wilaya ya Songwe, mbali kaskazini na barabara kuu, katika ukanda wa dhahabu wa Lupa unaokaribiana na bonde la Ziwa Rukwa. Dhahabu ya Lupa iliwavuta watu tangu miaka ya 1920 na 1930, na haijaacha kuwavuta. Mgodi wa New Luika, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2012, umo katika wilaya hiyo hiyo, na wachimbaji wadogo wamekuwapo kabla yake na pembeni yake. Mkoa ndio mchanga: ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Njia ya kufika huko, ile inayotoka Mbalizi kupitia Galula hadi Mkwajuni, vizazi vimeijua kwa vumbi lake la kiangazi na tope lake la masika.

Kusini ya hapo, mpakani, ndipo ilipo Tunduma, na Tunduma haiwezi kusemwa bila ya kusemwa magari. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao mwaka 1965, Zambia ilijikuta bila njia ya mafuta, na malori yakaanza kupasua nchi kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola juu ya udongo mtupu, mpaka waliokuwa wakiyaendesha wakaiita njia hiyo mbio za jehanamu. Lami ilifuata, kisha reli ya TAZARA. Siku hizi barabara hiyo hupitisha, pamoja na mafuta na shaba, yale magari yanayoitwa ya IT: yameshushwa bandarini kutoka Japani, vitini bado mna nailoni, usukani umeshikwa na dereva wa kulipwa kwa safari, nayo yanakwenda Zambia na Kongo. Kijana aliyekulia ukingoni mwa barabara hiyo ameyaona magari mengi kuliko wakaazi wengi wa miji mikubwa. Anayadhihaki macho yake anayedhani kwamba hawezi kuchagua.

Sasa atwaliwe mmoja wao kwa mfano, asiye na jina kwa sababu ni wa kubuniwa: mchimbaji wa Mbangala aliyebahatika. Anajenga nyumba ya mama yake, anaezeka, analipa ada za wadogo zake. Kisha ananunua Toyota Altezza. Barazani wanacheka. Je, wanacheka nini hasa?

Altezza halihitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Unguja, Tanga wala Dar es Salaam, kwa kuwa ameliona likipita usiku wa sikukuu, na pengine amelisikia kabla hajaliona. Lilizinduliwa Japani mwaka 1998 chini ya mhandisi mkuu Nobuaki Katayama, likaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2005, na nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Lexus IS. Lilipotoka, wapenzi wa magari walilipokea kama mrithi wa Corolla ya mwaka 1983, ile iitwayo AE86, gari jepesi na la bei ya kawaida ambalo magurudumu yake ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Kwa maneno mengine lilikuwa gari jipya lililotengenezwa kwa kusudi la kurudisha hisia ya zamani, na waliolitengeneza hawakulificha kusudi hilo.

Hisia hiyo ilitiwa wapi? Hapa ndipo penye mambo. Katika toleo la RS200 ilitiwa kwenye injini ya silinda nne, lita mbili, isiyo na turbo, inayotoa nguvu za farasi 210. Lakini nguvu hizo hazipatikani kwa kukanyaga mafuta na kungoja. Zimewekwa juu, penye mizunguko zaidi ya elfu saba kwa dakika. Dereva anayetaka kuzifikia ni lazima azipandie, gia kwa gia, kwa mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, na gia zenyewe ni sita. Akibadilisha mapema gari linalala. Akichelewa injini inalia hadi ikomee kwenye kikomo chake. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa, wala mashine ya kumsitiri. Humo ndimo ulimo ukale: chombo kinachomtaka mwenye nacho ajue kazi.

Lakini dunia ilikumbuka nini katika Altezza? Ilikumbuka taa. Lilikuwa na taa za nyuma zenye kioo cheupe kinachoonyesha duara nyekundu ndani yake, na taa hizo ziligeuka wazimu wa mafundi. Zikaigwa, zikauzwa kwenye makasha, zikabandikwa juu ya magari ya kila namna, hata pikapu za kubebea saruji. Huko Marekani neno Altezza likawa jina la taa, ilhali gari lenye jina hilo halikuuzwa katika nchi hiyo kabisa. Kwa hiyo wapo watu waliotumia neno hilo miaka mingi bila ya kujua kwamba nyuma yake palikuwa na gari, na ndani ya gari hilo palikuwa na giaboksi ambayo ndiyo sababu ya kila kitu.

Msomaji wa mashairi hana haja ya kuelezwa kwa kirefu. Hadithi hii anayo nyumbani.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria zake za kutunga mashairi, na vina na mizani vikapata katiba ya maandishi. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata katiba hiyo. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakafuata na Malenga wa Bara. Mgogoro uliozuka unajulikana. Upande mmoja ulisema kwamba pasipo vina hapana shairi. Upande wa pili ulisema kwamba vina ni pingu. Kwa miaka mingi pande hizo zimesomwa kama maadui. Ukweli ni kwamba wengi wa askari wao walikubaliana juu ya jambo moja la msingi, nalo ni kosa: wote walivichukua vina kuwa ni taa. Mmoja akasema taa zibaki, mwingine akasema taa zing'olewe. Waliouliza vina vinafanya kazi gani ndani ya mtungo walikuwa wachache, na hawakupiga kelele.

Vina na mizani ni giaboksi. Mshororo wa mizani kumi na sita umegawika ukwapi na utao, nane kwa nane, na kati yake pana pumzi. Pumzi hiyo si pambo. Ndipo fikra inapokanyaga klachi: inauachia mwendo mmoja kabla haijaushika mwingine, na msikilizaji anausikia mwili wa shairi ukijiandaa. Kina cha kati kinapowadia, mshairi ameshajifunga kwenda pahala fulani, naye hana budi kufika. Akiwa stadi, neno analolazimishwa na kina linakuwa bora kuliko neno alilokusudia mwanzo. Asiyekuwa stadi husaga gia, na baraza nzima huisikia.

Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha siasa, akatoka mwaka 1972, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Yaliyokuwamo yalikuwa ya siku ile, machungu na hatari. Bahari alizozitumia zilikuwa za karne nyingi. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mtu aliyekuwa gerezani peke yake alitia vina ili apendeze. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, hakutoka kwenye madarasa ya juu. Alitoka kwenye bahari na kazi za mikono, na diwani yake ya Kimbunga ya mwaka 1994 imo katika kabati za wasomi wanaotumia nadharia asizozihitaji yeye. Vina vyake vinavuta mzigo. Kwa upande wa pili, kila mhariri wa ukurasa wa mashairi anayajua magunia ya tungo zenye mizani kamili, kina hakikosi, kituo kiko mahala pake, na ndani yake hamna kitu zaidi ya salamu kwa mhariri na ombi la nafasi. Hizo ndizo taa za Altezza juu ya pikapu ya saruji.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mchimbaji wa Mbangala si kwa nini amenunua Altezza. Swali ni: umenunua taa au giaboksi? Kwa kuwa yako matoleo mengine ya gari hilo yanayojigeuzia gia yenyewe, nayo yana taa zile zile. Akijibu kwamba amenunua taa, baraza icheke ipendavyo. Lakini mtu asikurupuke kumjibia.

Udanganyifu wenyewe umekwisha kupita kwenye taa, sasa umefika kwenye sauti. Mwaka 2011 BMW, kampuni iliyojijengea jina kwa injini zake, ilitoa M5 mpya ambayo injini yake yenye turbo ilikuwa imenyamaza kuliko ile ya kabla yake, na kabini ilizibwa vizuri mno. Dereva hakusikia alichokilipia. Dawa ikapatikana: sauti ya injini ikapitishwa kwenye spika za redio. Wengine wakafuata. Toyota GR86, mrithi wa karibu zaidi wa ile Corolla ya 1983, nayo imetiwa spika za kuukuza muungurumo. Na mwaka 2023 Hyundai wakalifikisha jambo hilo kwenye kilele chake kwa Ioniq 5 N, gari la umeme lisilo na gia wala eksoza, lililopewa kompyuta ya kuigiza vyote viwili: dereva anabonyeza kidude, gari linashtuka kana kwamba limebadilisha gia lisiyokuwa nayo, na spika zinanguruma ngurumo ya injini ambayo haimo. Akichelewa kubonyeza, linajifanya limefika kikomo cha injini isiyokuwepo.

Watetezi wanasema: lakini raha ni ileile. Wapenzi wa taarab wameisikia hoja hiyo zamani. Miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilipoanza kukaa pahala pa fidla, ganuni na udi, ilisemwa vivyo hivyo: kitufe kimoja kinatoa fidla kumi na mbili, basi fidla kumi na mbili za nini? Ikhwan Safaa, kikundi kilichoasisiwa mwaka 1905, hakikuweza kujibu kwa hesabu, maana kwa hesabu kinanda kina haki. Jibu lilikuwa vidoleni. Mpiga fidla anaweza kukosea, na anapokaribia kukosea kisha asikosee, ukumbi unajua. Kitufe hakikaribii kukosea. Ndiyo maana watu wanakicheza na hawanyamazi kukisikiliza. Ijapokuwa, kwa haki, wapo waliokicheza kinanda hicho kwa ufundi wa kweli, na hao hawakutaka kisikike kama fidla.

Hapo pana kipimo kinachofaa kwa vyote. Kipya kinachojua kwamba ni kipya hakimdhulumu mtu. Gari la umeme linalokwenda kimya kama paka lina uzuri wake, na shairi huru linalokwenda kwa pumzi yake lina uzuri wake. Kezilahabi hakujifanya Muyaka. Kinachostahili kulaumiwa ni kipya kinachojivika kanzu ya kale na kutangaza kuwa kimerithi, ilhali kimekopa nguo tu.

Na ukale wa kweli unaweza kutiwa ndani ya kipya, bila ya ulaghai. Toyota GT86 ya mwaka 2012 ni ushahidi. Katika zama ambazo kila kiwanda kilishindana kutia turbo na matairi mapana, wahandisi wake waliliacha na injini ya lita mbili isiyo na turbo, wakalipa matairi membamba ya aina iliyotumika pia kwenye Prius, gari la watu wa kuhesabu mafuta. Waliotazama karatasi za takwimu walidhani ni ubahili. Ilikuwa hekima ya mtunzi anayechagua bahari fupi: tairi jembamba linateleza mapema, kwa mwendo mdogo, na linamwambia dereva kwamba linateleza. Gari linazungumza kabla ya hatari badala ya baada yake. Mazda walifanya vivyo hivyo na MX-5 tangu mwaka 1989. Wakalitaja lengo lao kwa msemo wa Kijapani unaohusu farasi na mpandaji wake kuwa mwili mmoja, na gari lao likabaki dogo na jepesi kiasi cha tani moja wakati magari ya wengine yakinenepa. Katika yote hayo hapana taa iliyopinda kuigiza ya mwaka 1960 ambayo ingeleta tofauti yoyote mikononi.

Lipo lingine linalowaudhi wale wanaosema gari la mbio si la nchi ya vumbi: historia imewakanusha kabla hawajazaliwa baadhi yao. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa sherehe ya kutawazwa Malkia wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya njia ambazo hazikutayarishwa kwa ajili ya mbio. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili, pua ndefu, mgongo uliolala, silinda sita zimejipanga mstari mmoja. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyo hiyo pamoja na Lofty Drews. Baadaye akaongeza ushindi minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa Japani, Zama, katika ghala la kumbukumbu la Nissan.

Basi ladha ya kale inayouzwa leo kwa bei ya nyumba, kwa kiasi fulani, ilipikwa huku. Mwaka 2022 Nissan walianza kuuza Z mpya, iliyochorwa ili imkumbushe mtazamaji ile 240Z: mstari wa paa, taa za mbele zenye nusu duara, hata gia sita za mkono kwa anayezitaka, juu ya injini ya turbo mbili yenye nguvu za farasi 400. Haikuundwa kwa kumfikiria mnunuzi wa Mkwajuni. Tope la Afrika Mashariki lilitumika kuthibitisha jina, jina likasafiri, na likirudi litarudi likiwa limetumika, limevaliwa na mtu mwingine, kwenye meli ya magari chakavu. Hakuna haja ya kulia juu ya hilo. Lakini asije mtu akamwambia mchimbaji wa Mbangala kwamba hisia hiyo si ya kwao.

Inabaki fikra ya kwanza, ile ya dhuluma: gari lisilobeba mahindi halina maana. Wanaoisema huisema kwa sauti ya busara, na wengi wao ni watu wema. Husema: angenunua pikapu. Angenunua mashine ya kusaga. Angenunua shamba. Aghalabu huwa amekwisha kununua hivyo vyote au baadhi yake, lakini tuseme hakununua. Hoja yao ikikubaliwa ifuatwe mpaka mwisho wake. Shairi linabeba magunia mangapi? Kanga yenye jina zuri inazidi kusitiri kuliko isiyo na jina? Mlango uliochongwa wa Mji Mkongwe unazuia mwizi kuliko wa mbao tupu? Watu wa visiwani wanaojisifu kwa milango yao, kisha wakamcheka mtu wa bara kwa gari lake, wana la kujieleza. Mlango ule nao ulikuwa ni fedha ya biashara iliyotafuta uzuri, na fedha hiyo haikuwa safi kila mara.

Aliyeshinda shimoni, mita nyingi chini, akipumua vumbi la mawe, anajua matumizi ya vitu kuliko anayemwonya. Maisha yake yote ni matumizi: nyundo, kamba, pampu ya maji, kinu cha kusagia mawe. Anapotafuta kitu kimoja ambacho kazi yake ni kuitikia vizuri mkononi, hajapotea. Anatafuta kile ambacho malenga hukitafuta katika neno.

Wanaoonya wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa, nayo ni mauti. Barabara kuu kati ya Mbeya na Tunduma ina malori mazito usiku na mchana, na mteremko wa Senjele umekwisha kuua watu wengi waliodhani breki zao ni nzuri. Gari lenye kupenda mizunguko mikubwa, mikononi mwa mtu aliyelipata juzi, pembeni mwa lori la shaba, si jambo la kuandikiwa sifa. Kijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa na watoto wanavuka. Hoja hiyo ni ya kweli yote. Ila isichanganywe na ile ya mahindi, maana pikapu inayobeba mahindi hugonga watoto vile vile. Tena ladha inayozungumzwa hapa haikai kwenye kasi. Dereva wa gari la gia za mkono, lenye injini ndogo na matairi membamba, anaipata yote akiwa mwendo wa kilomita 40, penye kona ya changarawe, gia ya pili, akisikia mawe yakigonga chini ya miguu yake. Anayehitaji kilomita 180 ili ahisi kitu amenunua gari lililozibwa masikio.

Na kumiliki gari hilo Mbangala si raha ya bure. Bampa ya mbele itakwaruzwa mpaka itolewe. Shokapu zitakufa mapema, bushi zitakatika, vumbi litaingia penye kichujio cha hewa na pasipo kichujio. Fundi atashauri kuinua gari kidogo kwa springi nyingine, na mwenye nalo atakataa, kisha masika moja atakubali. Spea zitatafutwa Mbeya, zikikosekana zitaagizwa Dar es Salaam, na mara ya tatu mwenyewe atakuwa ameshajua kufungua gurudumu, kupima mafuta kwa kidole, na kuitambua sauti ya beringi inayotaka kwenda kabla haijakwenda. Mwenye gari kama hilo mjini, analipeleka gereji na kulichukua jioni, hafiki hapo. Ukipimwa uhusiano wa mtu na chombo chake kwa kiasi anachokijua, basi mmiliki wa kweli wa gari lenye ladha ya kale yuko huko kwenye vumbi, anayechekwa.

Lawama, basi, ielekezwe kwa muuzaji. Yasomwe matangazo ya magari yaliyotumika, ya Dar es Salaam au ya Unguja, yale ya kubandikwa ukutani au ya kwenye simu. Rimu zimetajwa. Redio imetajwa, na ukubwa wa spika. Kiyoyozi kimetajwa, rangi imetajwa mara mbili, taa zimepigwa picha tatu, ya mbele, ya nyuma na ya usiku. Namna ya kubadilisha gia mara nyingi haimo, na mwenye kutaka kuijua hana budi apige simu, aulize, kisha angoje muuzaji atoke nje kwenda kutazama.